Sheria za Septemba: Sudan na dini iliyogeuzwa ngao ya mtawala

Wanaoamini kwamba Uislamu utasalimika pindi dola itakapokabidhiwa kazi ya kuulinda wangeitazama kwanza Sudan. Jaafar Nimeiry alitwaa madaraka mwaka 1969 akiungwa mkono na Wakomunisti, akawageuka na kuwanyonga viongozi wao mwaka 1971, na ilipofika Septemba 1983, nchi ikiwa imeelemewa na madeni na vita vya kusini vimezuka upya, ndipo alipotangaza sharia, yaani sheria ya Kiislamu, kwa amri zilizokuja kuitwa Sheria za Septemba. Katika mfuatano huo simwoni mtu aliyeongoka. Namwona mtawala aliyeishiwa na washirika, akatafuta mamlaka ambayo hakuna atakayethubutu kuyahoji bila kuambiwa kwamba anampinga Mungu.

Linaloniuma zaidi ni mikono iliyokatwa. Mwaka 1984 Sudan ilipigwa na ukame na njaa, na bado mahakama za dharura ziliendelea kuwakata wezi mikono, ilhali kila aliyekaa darasani mbele ya shehe anajua kwamba Sayyidna Umar, khalifa wa pili, Mwenyezi Mungu amwie radhi, aliisimamisha adhabu hiyo katika mwaka wa njaa. Aliyeishika sharia kwa dhati angeanza kwa kuwalisha watu.

Mahmoud Mohamed Taha, mwanachuoni wa Kisudani na mzee wa zaidi ya miaka 70, alitoa waraka mfupi uliosema kwamba sheria hizo zinaupotosha Uislamu na kuhatarisha umoja wa taifa. Alishtakiwa kwa uchochezi, mahakama ya rufaa ikamwongezea kosa la kuritadi, yaani kuuacha Uislamu, na tarehe 18 Januari 1985 akanyongwa Khartoum. Tafsiri yake ya Kurani inapingwa na wengi, nami ni mmoja wao, lakini kauli ya mwanachuoni hujibiwa kwa hoja. Nimeiry aliangushwa Aprili mwaka huohuo, na mwaka 1986 Mahakama ya Juu ikaibatilisha hukumu ile, wakati marehemu yumo kaburini.

Hassan al-Turabi, mwanasiasa wa Kiislamu aliyeziunga mkono sheria za Nimeiry, alipata nguvu zaidi baada ya mapinduzi ya 1989 yaliyomweka Omar al-Bashir madarakani. Miaka 10 baadaye Bashir alimwondoa madarakani, kisha akamfunga. Mwaka 2011 Sudan Kusini ilijitenga, na mwaka 2019 wananchi, wengi wao Waislamu wanaoswali na kufunga, walijaa mitaani kumtaka Bashir aondoke. Hao hawakuikimbia dini yao; walichoka kuona kila anayemkosoa rais akihesabiwa kuwa adui wa Uislamu.