Waambieni Maji Hayaingii

Idi mbili mfululizo mimi ndiye niliyelinda viatu. Ukoo wetu ni wa Mikindani, na kama wengi wa Mtwara, Idi Pili tunaimalizia ufukweni Shangani: sinia la pilau, jagi la ukwaju, watoto hawaambiliki. Wenzangu walizama na kuibuka, mimi nimekaa mkekani chini ya mkungu, kandambili za watu ishirini zimenizunguka. Aliyeuliza aliambiwa nina mafua. Ukweli ni kwamba tumboni upande wa kushoto, chini ya dera, nilikuwa na mfuko, na ndani ya mfuko ule ndimo choo changu kinamotoka tangu nilipofanyiwa upasuaji.

Utumbo mpana ulijisokota usiku mmoja, tumbo likajaa kama ngoma. Kipande kilichokufa kikakatwa, ncha ya kilichobaki ikatolewa nje kupitia ukuta wa tumbo. Madaktari huiita kolostomi. Wengine hutolewa utumbo nje hivi kwa saratani, kwa homa ya matumbo iliyotoboa utumbo, kwa ajali ya bodaboda. Wapo watoto wanaozaliwa bila njia ya haja kubwa, nao hutolewa tundu tumboni wakisubiri kutengenezwa. Hatuko wachache kama mtaa unavyodhani. Tunajificha tu.

Siku ya kuruhusiwa, muuguzi alinipa mifuko mitano na sentensi moja: "Hapo usilowanishe." Nikatii miezi kumi na minne. Mimi, niliyelala utotoni katika nyumba ambayo maji yakijaa unayasikia kitandani, nikawa naoga kwa kitambaa, nusu mwili, kama mgonjwa asiyeinuka. Nikaacha kwenda baharini kutanda uduvi na mama mdogo. Msimu wa kwanza aliniita mlangoni mara tatu, kisha akaacha kuniita.

Simlaumu yule muuguzi kwa nia. Mshono ulikuwa mbichi, na mshono mbichi kweli haupelekwi baharini. Unasubiri ufunge, unasubiri daktari auone, na mwenye tumbo lililopasuliwa hukaa wiki sita hadi nane bila kujikaza wala kubeba mizigo, asije akaota ngiri pembeni ya tundu. Lakini hakuna aliyeniambia kwamba katazo lile lina mwisho. Hilo ndilo ninalolalamikia, na ndilo lililonifanya niandike. Mtu wa pwani ukimwambia "usilowanishe" ukanyamaza hapo, umemnyang'anya kuoga, umemnyang'anya kazi, na sikukuu za familia yake atakuwa anazitazama kwa mbali.

Aliyenifungua ni muuguzi mwingine, mama mtu mzima niliyemkuta kliniki. Nilimsalimia, nikamwuliza kwa aibu kama ipo siku nitaweza kuogelea. Akaniuliza, "Mwanangu, ulipokuwa ukiogelea zamani, maji yalikuwa yanakuingia kwa njia yako ya haja?" Nikasema hapana. "Na hii ni njia ile ile, imehamishwa tu." Nilimtazama nikashindwa kujibu. Miezi kumi na minne!

Ni kweli kabisa. Utumbo kazi yake ni kusukuma kwenda nje, haunyonyi maji kama mrija. Nyama ile nyekundu inayochungulia tumboni, laini kama ndani ya shavu, haina mishipa ya kusikia maumivu, kwa hiyo chumvi haiiwashi. Maji ya bahari hayaidhuru, wala maji ya bwawa yenye dawa. Kinachoweza kuchoma ni ngozi ya pembeni ikiwa imechubuka, na ngozi hiyo inatibiwa kwanza. Kwa hiyo ndani ya maji hatari si kubwa. Kinachosumbua zaidi ni gundi ya mfuko, na gundi ina tabia zake ambazo ukizijua unalala usingizi.

Gundi inataka ngozi kavu isiyo na mafuta. Sisi wa huku tumelelewa kupaka mafuta ya nazi mwili mzima baada ya kuoga, na mimi nilipoteza mifuko miwili kabla sijaelewa kwa nini inabanduka. Siku hizi napaka kwingine kote, pale pembeni hapaguswi. Ukishabandika, weka kiganja juu kwa dakika kadhaa, joto la mwili ndilo linaloishikisha. Usibadilishe mfuko ukiwa tayari umefunga kanga ya kuogelea, ubadilishe saa kadhaa kabla, au jana yake jioni. Na usiiache mifuko ya akiba juani wala kwenye chumba chenye bati linalowaka, gundi inaharibika. Yangu nimeihifadhi karibu na mtungi wa maji.

Mifuko mingi ina kitundu kidogo cha kutolea hewa, ndani kuna mkaa wa kuzuia harufu. Kitundu hicho kikilowa mkaa haufanyi kazi tena, ndiyo maana baadhi ya maboksi huja na vibandiko vidogo vya kukiziba. Mimi nilivitupa nikidhani ni mapambo. Ukivikosa, plasta isiyopitisha maji inatosha. Mwaga mfuko kabla ya kuingia, kula mapema na kidogo, na siku hiyo maharage, kabichi na soda viache, vinajaza hewa.

Halafu mkaja. Mama mdogo ndiye aliyelitoa wazo hili, nami nalisifu kila ninapopata nafasi. Mwanamke wa pwani akijifungua hufungwa tumbo kwa kitambaa. Kitambaa kile kile, kilaini na kirefu, kinaushikilia mfuko usipepee majini. Usikaze kama mzazi lakini. Choo kinahitaji nafasi ya kushuka chini ya mfuko, ukikibana kinarudi chini ya gundi na kukuvujia. Juu ya mkaja ni dera jeusi au lenye maua makubwa, na hapo hata jirani yako haoni kitu. Katika hili wanawake wa huku tumebahatika, maana tunaogelea tumevaa. Mwanamume aliyezoea kuingia na kaptura tupu inabidi atafute fulana ya kubana au bukta ya kiunoni juu, naye azoee.

Mwenye tundu la utumbo mwembamba, ileostomi, ana mambo mengine. Choo chake ni majimaji na kinatoka mchana kutwa, kwa hiyo anapoteza maji na chumvi kuliko mimi. Jua la Mtwara linaweza kumwangusha. Aende na chupa ya maji yenye dawa ya kuongeza maji mwilini, na korosho na nazi, hivi vyakula vyetu vya kila siku, avitafune mpaka viwe uji au aviache, kwa sababu vinaweza kumzibia utumbo.

Sasa niseme la uchungu. Haya yote yanamfaa mwenye mfuko halisi. Najua mama ambaye hufunga mfuko wa nailoni kwa kipande cha kanga, na huyo siwezi kumwambia aingie baharini, hata kutoka kwenda harusini ni mtihani kwake. Mfuko wenye gundi ulitokana na huruma ya ndugu: mwaka 1954 muuguzi wa Denmark, Elise Sørensen, alimwona Thora, ndugu yake wa kike, anaogopa kutoka nyumbani kwa hofu ya kuvujiwa mbele za watu, ndipo akabuni mfuko unaojibandika wenyewe kwenye ngozi. Miaka sabini imepita, na hofu ya Thora bado inaishi Mtwara na Lindi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Mfuko huu wa tumboni nao uhesabiwe humo kama dawa, maana asiyekuwa nao amefungiwa ndani.

Mimi sikuanza na bahari. Nilianza na beseni kubwa la kufulia, nikakaa ndani nusu saa mlango umefungwa, nikakagua ukingo wa gundi kila baada ya muda. Haukuinuka. Siku ya tatu yake tukaenda na mama mdogo, ghuba ya Mikindani imetulia. Maji yaliponifika kifuani nilishika mkono wake kama mtoto, nikasubiri kuvujiwa. Hakuna kilichovuja. Nikauachia mkono. Nilipotoka nilijikausha kwa kukandamiza taulo, bila kusugua, na mfuko niliubadilisha jioni yake, mapema kuliko kawaida, kwa sababu chumvi huichosha gundi.

Wiki iliyopita dada mmoja wa Lindi, aliyetolewa tundu mwaka jana, aliniuliza aanze lini. Daktari wake ameshamruhusu. Nimemwambia asije wakati wa bamvua, maji yanakimbia mno kwa mtu mwenye wasiwasi. Aje mwezi ukiwa na siku nane au tisa, maji mafu, yanajaa kama saa nne au saa tano asubuhi na hayavuti. Alete dera jeusi na mifuko miwili ya akiba. Mkaja ninao, na viatu vyetu atavilinda mama mdogo.