Umeya wa Mtwara na mgombea asiye wa mfumo

Zohran Mamdani, aliyezaliwa Kampala mwaka 1991, mtoto wa Profesa Mahmood Mamdani aliyewahi kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichaguliwa meya wa New York tarehe 4 Novemba 2025. Aliahidi kodi ya nyumba isiyopanda, mabasi ya bure na malezi ya watoto bila malipo. Baada ya hapo si ajabu mtu wa huku Kusini akauliza: je, Manispaa ya Mtwara-Mikindani inaweza kupata meya wa namna hiyo, mtu asiye wa mfumo, anayebeba hoja ya haki ya jamii? Jibu la haraka ni kwamba haiwezekani, kwa sababu meya wetu hachaguliwi na wananchi, na hata akikaa kitini hana nguvu. Sehemu ya kwanza ya jibu hilo ni kweli tupu. Sehemu ya pili inapendwa zaidi na watu wasiowahi kufungua kitabu cha bajeti ya halmashauri.

Wenye shaka tuwape haki yao, maana hoja zao si za kubeza. Kwa sheria yetu ya mamlaka za miji, Namba 8 ya mwaka 1982, meya anachaguliwa na madiwani kutoka miongoni mwao. Kwa hiyo anayeutaka umeya lazima kwanza ashinde kata, na ili asimame kwenye kata lazima chama kimteue. Mgombea binafsi hana nafasi. Mchungaji Christopher Mtikila aliipigania hoja hiyo miaka mingi. Mahakama Kuu ilimkubalia, Mahakama ya Rufani ikatengua mwaka 2010, kisha Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikasema Juni 2013 kwamba Tanzania imekiuka haki. Karatasi ya kura haikubadilika.

Huo ni mchujo wa kwanza tu. Diwani anayetaka umeya anachukua fomu ndani ya chama chake, na vikao vya juu vinaweza kulikata jina lake kabla halijarudi kwa madiwani wenzake. Manispaa ina kata 18. Ukiongeza viti maalumu na mbunge, wapiga kura wa umeya wanaenea kwenye Coaster moja. Hao ndio wa kushawishiwa, na wengi wao wanafahamiana tangu kwenye matawi. Halafu Oktoba 2025 CHADEMA haikuwamo kabisa kwenye karatasi ya kura, kwa hiyo hata ule mlango wa kuingilia kupitia upinzani ulikuwa mwembamba kuliko mwaka 2015, jimbo la Mtwara Mjini lilipokwenda CUF.

Na ukishaingia, unaweza kutolewa. Theluthi mbili ya madiwani zinatosha kumng'oa meya. Isaya Mwita wa Jiji la Dar es Salaam aling'olewa Januari 2020, na miezi miwili baadaye ikawa zamu ya Alex Kimbe wa Iringa. Wote wawili walikuwa wa CHADEMA. Mkurugenzi wa manispaa, ambaye ndiye afisa masuuli na katibu wa baraza, anateuliwa na Rais, kwa hiyo hata meya akiwa na madiwani wote nyuma yake, anayeidhinisha malipo ni mwingine.

Kisha kuna orodha ya vitu ambavyo mwananchi anavidai kwa meya wakati havimo mikononi mwake. Barabara za mjini ni za TARURA, wakala wa barabara wa serikali kuu, tangu mwaka 2017. Maji ni ya MTUWASA, mamlaka ya maji ya Mtwara, na bei yake inapitishwa na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji. Nauli ya daladala iko LATRA, mdhibiti wa usafiri wa nchi kavu, umeme uko TANESCO. Gesi, ambayo ndiyo iliyowaingiza watu barabarani kuandamana Desemba 2012 na Mei 2013, inatoka Mnazi Bay na kusafishwa Madimba, na kote huko ni eneo la Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara, si la manispaa. Hata ushuru wa korosho, ile asilimia 3 ya bei ya mkulima, unafuata zao lilikolimwa. Tandahimba na Newala wanauona zaidi kuliko mji ambao meli inapakia.

Mfano mzuri wa ahadi isiyo na mlango ni kodi ya majengo. Tangu mwaka 2021 inakatwa kupitia LUKU, umeme wa kulipia kabla, na kwa nyumba ya kawaida imefika shilingi 1,500 kwa mwezi. Sheria inasema kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Mita haijui hilo. Anayenunua umeme ndiye anayekatwa, na huku kwetu mara nyingi huyo ni mpangaji wa chumba kimoja Magomeni au Chikongola. Nyumba yenye mita mbili inaweza kukatwa mara mbili mpaka mwenyewe aende kuripoti. Ni dhuluma ya wazi kwa mpangaji, na mgombea yeyote mwenye masikio ataisikia kwenye kila baraza la nyumba. Ila ilipangwa bungeni, na meya hawezi kuigusa. Anayeahidi kuifuta ama hajui au anajua na anadanganya.

Mpaka hapo wenye shaka wanaongoza. Lakini New York yenyewe haiko mbali sana na sisi kama inavyodhaniwa. Mabasi ya kule yanaendeshwa na MTA, ambayo ni mamlaka ya jimbo, si ya jiji. Kupandisha kodi ya mapato kwa matajiri kunahitaji wabunge wa jimbo walioko Albany. Meya alichonacho mkononi kwa hakika ni vitu kama uteuzi wa wajumbe tisa wa bodi inayopanga ongezeko la kodi ya pango kwenye nyumba karibu milioni moja zenye bei inayodhibitiwa. Ahadi ya kodi kutopanda imesimama juu ya uteuzi huo.

Jambo la pili linasahaulika zaidi. Mamdani hakuwa mgombea binafsi. Alipita kwenye kura za maoni za chama cha Democratic Juni 2025, akamshinda Andrew Cuomo, gavana wa zamani. Aliyekwenda kusimama peke yake Novemba alikuwa Cuomo, mtu wa mfumo, na akaangushwa tena. Tofauti kubwa na sisi ni idadi: kule kura za maoni zilipigwa na wanachama zaidi ya milioni moja, hapa zinapigwa na wajumbe wa kata. Kwa mgombea asiye na fedha, idadi ndogo ina ubaya wake, maana wajumbe wachache ni rahisi kuwafikia kwa bahasha. Ina uzuri pia. Wajumbe mia chache wanaweza kutembelewa mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba, na mtu anayejua shida ya kila mtaa.

Sasa tuje kwenye kiti chenyewe. Meya anaongoza baraza la madiwani, linalokaa kila robo mwaka na kuandikwa na magazeti. Anaongoza pia Kamati ya Fedha na Utawala, inayokaa kila mwezi na haiandikwi na mtu. Humo ndimo taarifa za makusanyo na matumizi zinapopita: nani kalipa, nani anadaiwa, fedha gani imetoka kwenda wapi. Mkurugenzi anaidhinisha malipo, ndiyo, lakini lazima aje kueleza, na mwenye kiti ndiye anayeamua kama swali limejibiwa au limerukwa.

Chukua asilimia 10. Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ukiondoa yale yaliyofungwa kwa kazi maalumu, iwe mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilikuwa maelekezo tu, ikawa sheria mwaka 2018, ikasimamishwa Aprili 2023 ili utaratibu upangwe upya, ikarejea mwaka 2024. Tuweke mfano wa hesabu, si takwimu halisi ya manispaa: mapato yanayohesabika yawe shilingi bilioni 5. Asilimia 10 ni milioni 500. Wanawake wanapata milioni 200. Gawa kwa kata 18, kila kata ina milioni 11 na kidogo. Kikundi cha wanawake watano kikikopa milioni 5, kata nzima inahudumia vikundi viwili, yaani wanawake kumi kwa mwaka. Wenye shaka wanaishia hapo na kucheka.

Wangeendelea na hesabu wasingecheka. Fedha ile hailiwi ikaisha, inatakiwa irudi na kukopeshwa tena. Tuseme kila mkopo ni wa mwaka mmoja. Marejesho yakiwa asilimia 50, mfuko wa wanawake unakopesha milioni 200 mwaka wa kwanza, 300 wa pili, 350 wa tatu. Yakiwa asilimia 90, unakopesha 200, halafu 380, halafu 542. Tofauti ya mwaka wa tatu ni milioni 192, karibu sawa na tengo zima la mwaka mmoja, na hakuna mfanyabiashara aliyeongezewa ushuru wala waziri aliyeombwa kibali. Anayetaka kujua haki ya jamii ina nafasi gani kwenye manispaa ndogo aanzie kwenye safu ya marejesho. CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, amerudia mwaka baada ya mwaka kwamba mikopo hii hairudi inavyotakiwa.

Kwa nini hairudi? Sababu zinajulikana na kila afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kikundi kinaundwa wiki ya mwisho: mmoja ana biashara, wanne wameazima majina. Katiba ya kikundi imenakiliwa kwa jirani, andiko la mradi limeandikwa na mtu wa steshenari kwa malipo, na mwombaji akiulizwa faida kwa mwezi anatazama juu. Biashara ikiyumba, wale wanne hawajulikani walipo. Sababu nyingine ni majira. Halmashauri inatenga fedha kila inapokusanya, ila inazitoa kwa mkupuo. Wavuvi walioomba nyavu wanapewa hundi msimu ukiwa umeisha, na fedha inayokaa bila kazi inaliwa na karo na misiba. Kikundi cha vijana kinachopewa bajaji tatu kwa watu watano kinaanza na ugomvi wa nani aendeshe.

Mgombea wa nje ana faida moja hapa: hana vikundi vyake. Diwani aliyekomaa kwenye mfumo ana orodha ya watu waliomfanyia kampeni, na orodha hiyo ina tabia ya kufanana na orodha ya wakopaji. Kubandika kwenye ubao wa kila ofisi ya kata jina la kikundi, kiasi kilichotolewa na kilichorejeshwa hakuhitaji sheria mpya. Kunahitaji meya asiye na wa kumlinda.

Jambo la pili lililo mkononi ni vizimba, yaani nafasi za kuuzia sokoni. Katika masoko mengi ya halmashauri nchini, mwenye mkataba wa kizimba si yule anayekaa nyuma ya nyanya. Mkataba uko kwa mtu aliyekipata zamani kwa bei ya halmashauri, naye anakikodisha kwa bei anayoitaka. Muuza nyanya analipa pande mbili, ushuru wa soko kwa mashine na kodi ya dalali kwa mkono. Halmashauri inapata kidogo, muuzaji anaumia, wa katikati hajawahi hata kubeba tenga. Dawa si hotuba. Ni kupita meza kwa meza, kulinganisha jina la mkataba na jina la anayeuza, kutoa notisi, kisha kuandika mikataba upya yenye sharti la kutokodisha na namba ya malipo inayotoka kwa jina la aliyepo. Kazi hiyo hukwama pale wenye vizimba vingi wanapokuwa wafadhili wa kampeni za udiwani. Mtu asiye wa mfumo anaweza kuimaliza, na pia inaweza kuwa ndiyo sababu ya theluthi mbili kumgeuka. Hilo wenye shaka wanalisema na wako sahihi.

Sheria ndogo za faini na ushuru wa wauza pembezoni mwa barabara nazo zinaanzia kwenye baraza, ingawa haziwi sheria mpaka waziri azikubali. Hapo wageni wengi wanakwama kwa kutojua kanuni za kudumu. Wanaingia ukumbini na hoja ya mdomo, mwenyekiti anawaambia haijaletwa kwa maandishi wala kwa muda, wanakaa chini. Hoja nzuri inayokosa taarifa ya maandishi inakufa bila hata kupigiwa kura.

Ndiyo maana swali la Mtwara kuwa na meya wa namna hiyo lisisubiri uchaguzi wa madiwani wa Oktoba 2030. Uchaguzi wa serikali za mitaa uliopita, unaowapata wenyeviti wa mitaa, ulifanyika Novemba 2024, unaofuata ni mwaka 2029, na mwenyekiti wa mtaa anajua nani ana kizimba kwa jina la nani. Katikati, mikutano ya baraza ni ya wazi, na rasimu ya bajeti inapita mwanzoni mwa kila mwaka. Anayejiandaa aanze kukaa kwenye viti vya nyuma vya ukumbi na kalamu, safu ya marejesho ikiwa wazi mbele yake.