Nyimbo 18 za zamani: huku kumbukumbu, kwetu Jumapili

Oktoba 2005 Martina McBride, mwimbaji wa kantri kutoka Kansas, alitoa albamu yake ya Timeless. Ina nyimbo 18, na hakuna hata mmoja alioutunga yeye. Zote ni za wakongwe: Hank Williams, Don Gibson, Harlan Howard, Merle Haggard, Kris Kristofferson. Huku Nashville kazi ya namna hiyo huwekwa kwenye fungu lake maalumu, la kuenzi waliotangulia, kisha redio zinarudi kwenye vibao vya mwezi huu. Ipige albamu hiyohiyo Nakuru Jumapili saa nane mchana, hakuna atakayeuliza inamuenzi nani. Watu wataitikia na kuendelea kula.

Sisi Wakenya tulioko huku tunapenda kujisifu kwamba kantri tunaijua kuliko Wamarekani wenyewe. Naona ni nusu ya ukweli. Maneno tunayajua, sauti tunazijua, hata pahali Jim Reeves anapovuta pumzi tunapajua. Tusichokijua ni muziki ulio nyuma ya mwimbaji, na albamu hii inatuumbua vizuri sana kwa hilo.

Sababu ni aina ya kantri tuliyoletewa. Jim Reeves, aliyefariki kwa ajali ya ndege Julai 1964 akiwa na miaka 40, alikuwa mtu wa ule mtindo laini wa Nashville uliopikwa na watayarishaji akina Chet Atkins: fidla nyingi, waitikiaji wanaonong'ona, piano taratibu, na mdomo karibu kabisa na maikrofoni. Ndiyo iliyotupata. Kantri ya baa, yenye stili (gitaa la kulazwa) inayolia na fidla moja inayokwaruza, ilitufikia kwa matone. Kwa hiyo Mkenya akiisikiliza Timeless, wimbo wa Don Gibson wa I Can't Stop Loving You unaingia kama uji. Ukifika Heartaches by the Number, kidole kinatafuta wimbo unaofuata.

Usiruke. Huo ndio wimbo wa kusomea. Ray Price aliurekodi 1959 kwa ule mwendo unaoitwa shafo. Sikiliza besi: haipigi mara mbili kwa bari (fungu la mapigo manne) kama tulivyozoea, inatembea mara nne. Katika kii ya G, yaani wimbo ukiwa umejengwa juu ya noti ya G, inakwenda G, B, D, E, noti moja kila pigo. Wimbo wa kawaida wa kantri unahitaji mbili tu, G kwenye pigo la kwanza na D kwenye la tatu, basi. Bendi zetu nyingi hukosea hapa. Mpiga besi aliyekulia kwenye benga anaona nafasi tupu na hawezi kuiacha, anaijaza. Mpiga ngoma wa rumba naye akifika nusu ya wimbo anasikia sebene (ile sehemu ya magitaa ya kuchezea) kichwani, mwendo unapanda. Kantri ikipanda mwendo imekufa. Kama mnatumia kinanda chenye mdundo wa kantri uliowekwa kiwandani, mara nyingi huwa umekazwa mno kwa nyimbo hizi. Upunguzeni mpaka mwimbaji aweze kumaliza sentensi bila kukimbizwa. Kama kuna ngoma halisi, tumia brashi kwenye sneya (ile ngoma ndogo yenye mlio mkali), au gonga ukingo wake kwa fimbo kwenye pigo la pili na la nne.

Halafu ni ile stili ya pedali. Ina nyuzi 10, mara nyingi zikiwa zimefungwa kwa mtindo wa E9, na mpigaji anakaa kama fundi cherehani: mkono wa kushoto unaburuza kipande cha chuma juu ya nyuzi, wa kulia una kucha za kuvaa, mguu mmoja uko kwenye pedali za kubadili noti, wa pili kwenye pedali ya sauti, na magoti yanasukuma vyuma vilivyoning'inia chini. Kilio chake hakina uchawi. Pedali ya kwanza inapandisha B hadi C kali (C#), ya pili G kali hadi A. Zikanyage zote pamoja na kodi ya E (kodi ya gitaa, yaani noti zinazolia pamoja, si ile ya KRA, wakusanya kodi wa Kenya) inageuka kuwa A huku noti ya E ikibaki palepale. Sikio linasikia noti mbili zikipanda na moja ikikataa kuhama. Mwimbaji analia hivyohivyo.

Nyumbani chombo hiki ni adimu, na kukisafirisha ni gharama. Gitaa la umeme lenye nyuzi nyembamba linaweza kukikaribia. Ukiwa G, shika uzi wa tatu freti ya 7, ambayo ni D, na wa pili freti ya 8, ambayo ni G. Zipige pamoja. Wimbo unapohama kwenda C, sukuma uzi wa tatu mpaka D iwe E, na uzi wa pili usiuguse. Anza kitufe cha sauti kikiwa chini, kifungue kwa kidole kidogo baada ya kupiga, ili ule mgongano wa kucha usisikike. Kosa la kawaida ni kusukuma nusu tu. Ukiishia kwenye E iliyolegea, bendi nzima inasikika haijakazwa nyuzi. Kosa lingine ni kulia kila mahali. Stili nzuri hujibu mwimbaji akinyamaza.

Jambo moja la huku ambalo lingetufaa bila kununua chochote ni hesabu ya Nashville. Wanamuziki wa studio hawaandiki C, F, G. Wanaandika 1, 4, 5. Neal Matthews wa kundi la waimbaji la Jordanaires ndiye aliyeianzisha, mwishoni mwa miaka ya 1950. Faida yake inaonekana hasa kwenye albamu kama hii, ambapo mwanamke anaimba nyimbo za wanaume: kii inahama, karatasi inabaki ileile. Na kwetu yeyote aliyeimba kwaya tayari anaijua. Do ni 1, fa ni 4, so ni 5. Badala yake mpiga kinanda wetu anabonyeza kitufe cha kuhamisha kii, na mpiga gitaa anabaki akihangaika peke yake.

Upande wa pesa huku wamepanga mambo, lakini si yote. Wimbo ukishatolewa mara moja, mtu mwingine anaweza kuurekodi bila kumbembeleza mtunzi, mradi alipe kiwango cha sheria. Mwaka 2005 kilikuwa senti 8.5 za dola kwa kila nakala ya wimbo wa kawaida. Nyimbo 18 ni dola 1.53 kwa kila CD, zinakwenda kwa watunzi na warithi wao. Redio za AM na FM za Marekani, kwa upande mwingine, humlipa mtunzi na kumwacha mwimbaji mikono mitupu. Sheria ya Kenya inamtambua na mwimbaji pia, angalau kwenye karatasi.

Kasoro ya Timeless, kwa maoni yangu, ni utiifu. McBride ameheshimu rekodi za awali kiasi kwamba mahali pengine unatamani akosee kidogo. Kwetu hatuna hofu hiyo. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alirekodi huko Kapkatet, Kenya, wasichana wa Kipsigis wakimwimba Chemirocha, yaani Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani, aliyewafikia kwa santuri. Walikuwa wamemgeuza kiumbe nusu mtu nusu mnyama, na wimbo ukawa wao kabisa. Mpiga mugithi, ule muziki wa gitaa wa Wakikuyu, naye haombi ruhusa kwa Hank Williams kabla ya kumchanganya na Kikuyu.

Anayekuja Nashville na anataka kusikia nyimbo hizi zikipigwa, aende baa ya Robert's Western World pale mtaa wa Broadway. Bendi za mtaa huo hushika zamu za urefu wa takriban saa nne kila moja na hutegemea bakshishi. Ukiguswa, noti inawekwa kwenye ndoo iliyo mbele ya jukwaa. Usipande kumbandika mwimbaji kwenye paji la uso.