Mpango wa kwale wa seji: tatizo si nani anaongoza, ni nini kinachowafunga

Magharibi mwa Marekani ndege mmoja ana wakubwa wawili. Kwa desturi ya sheria za nchi ile, mnyama au ndege asiyehama, na ambaye hajatangazwa kuwa hatarini kutoweka, yuko chini ya jimbo. Jimbo ndilo linalomhesabu, linalopanga msimu wa kumwinda na linalouza leseni. Ardhi anayotaga juu yake, hata hivyo, kwa sehemu kubwa ni ya serikali kuu. Nevada, takriban asilimia 80 ya ardhi iko mikononi mwa serikali kuu; Idaho na Utah ni zaidi ya asilimia 60. Afisa wanyamapori wa jimbo anaona ndege wanapungua, lakini hana uwezo wa kuzuia barabara ya kwenda kwenye kisima cha gesi. Afisa ardhi wa serikali kuu anaweza kuizuia barabara, ila ndege hawamhusu.

Ndege aliyeanika tatizo hili hadharani ni kwale wa seji, ambaye Wamarekani humwita greater sage-grouse. Anaishi kwenye nyika za vichaka vya seji katika majimbo 11. Majira ya baridi karibu hana chakula kingine ila majani ya kichaka hicho. Kila masika madume hurudi kwenye viwanja vilevile, wakavimbisha vifua na kucheza mbele ya majike. Anataka nyika pana isiyokatwakatwa, na ndiyo maana mpango wa wilaya moja au jimbo moja hauwezi kumwokoa. Watafiti wa serikali ya Marekani walieleza mwaka 2021 kwamba idadi yake imeshuka kwa takriban asilimia 80 tangu 1965.

Mwaka 2010 Idara ya Samaki na Wanyamapori ya serikali kuu ilisema anastahili ulinzi wa Sheria ya Spishi zilizo Hatarini ya 1973, lakini spishi nyingine zilikuwa mbele yake kwenye foleni. Makubaliano ya mahakamani yakaibana idara hiyo itoe uamuzi kabla Septemba 2015 haijaisha. Hapo ndipo watu walipoamka. Kama kwale angeorodheshwa kuwa hatarini kutoweka, shughuli nyingi za malisho, mafuta, gesi, migodi na nguzo za umeme katika eneo lake zingepitia kwanza dawati la serikali kuu. Mwishoni mwa 2011 kikaundwa kikosi kazi cha pamoja, kikiongozwa na magavana wa Wyoming na Colorado pamoja na mkuu wa BLM, idara inayosimamia ardhi ya umma. Matt Mead wa Wyoming alikuwa wa chama cha Republican, John Hickenlooper wa Colorado wa Democrat. Septemba 2015 mipango 98 ya matumizi ya ardhi ya serikali kuu ikarekebishwa kwa mpigo, na Sally Jewell, waziri aliyekuwa na dhamana ya ardhi na maliasili za serikali kuu, akatangaza kwamba hakuna tena haja ya kumworodhesha ndege huyu.

Tangu hapo ubishi umekuwa nani ashike usukani.

Wanaotetea majimbo wana hoja nzito, na aghalabu wanahifadhi hawaipi uzito unaostahili. Wyoming, yenye zaidi ya theluthi moja ya kwale wote waliobaki, haikusubiri kusukumwa. Mwaka 2008 gavana wake, Dave Freudenthal, alitoa amri ya kutenga maeneo makuu ya ndege hao na kuweka kikomo cha asilimia 5 kwa ardhi inayoweza kuvurugwa ndani yake. Wafugaji, kampuni za mafuta na wahifadhi walikuwa wamekaa meza moja kuchora ramani ile. Halafu hatari zenyewe hazifanani. Wyoming adui ni visima na barabara zake. Idaho na Nevada adui ni moto, pamoja na nyasi ngeni ziitwazo cheatgrass ambazo hukauka mapema na kuuchochea. Moto wa Soda wa Agosti 2015 uliteketeza takriban ekari 280,000 mpakani mwa Idaho na Oregon. Kikomo cha uchimbaji hakizimi moto.

Kuna pia lalamiko la utaratibu. Mipango ya serikali kuu ilipokaribia kukamilika, yaliongezwa maeneo ya ekari zipatazo milioni 10 ambayo yalipendekezwa kufungwa ili watu wasiweze kudai humo haki mpya za kuchimba madini. Butch Otter, gavana wa Idaho wakati huo, alikwenda mahakamani siku chache tu baada ya tangazo la Jewell, akidai kwamba jimbo lake lilishirikishwa kwa miaka kisha likakuta waraka tofauti na ule uliojadiliwa. Sheria ya ardhi ya umma ya 1976 inaitaka BLM ioanishe mipango yake na ya majimbo kadiri sheria za serikali kuu zinavyoruhusu, na gavana hupewa siku 60 kuonyesha inapogongana. Siku hizo 60 ni za kusoma kilichokwisha kuandikwa. Kushirikishwa kwa namna hiyo kunaacha kinyongo, na kinyongo hicho kiliwapa hoja waliokuja baadaye kuibomoa mipango yote.

Upande wa pili nao una ushahidi wake. Tathmini ya 2010 haikulaumu uharibifu wa nyika peke yake. Ilitaja pia udhaifu wa kanuni zilizokuwapo, maana yake ahadi za hiari hazikutosha. Amri ya gavana inaweza kufutwa na gavana anayefuata. Hazina ya Wyoming inategemea sana mapato ya madini na nishati, na si haki kutegemea jimbo kama hilo lijinyime mapato hayo peke yake kwa ajili ya ndege wanaovuka mpaka kwenda Montana. Panapohitajika kiwango cha chini kisichoshuka, ni serikali kuu pekee inayoweza kukiweka kwenye ardhi yake kwa majimbo yote.

Kwa hoja hizo tu ningeegemea upande huu wa pili, lakini mwenendo wa serikali kuu yenyewe unanizuia. Mwaka 2017 waziri mpya, Ryan Zinke, aliagiza mipango ya 2015 ipitiwe upya. Machi 2019 ikalegezwa kwa jina la kuheshimu majimbo. Oktoba mwaka huohuo Jaji Lynn Winmill wa mahakama ya shirikisho huko Idaho akasimamisha marekebisho hayo. Utawala wa Biden ukaanza mapitio mengine, na rasimu ya mwisho ikatoka mwishoni mwa 2024. Seji iliyoungua huchukua miongo kurudi; mpango wa kuilinda haumalizi hata vipindi viwili vya urais. Mfugaji anayelipia malisho kwenye ardhi ya umma atapangaje mifugo yake?

Ndiyo maana naona ubishi wa usukani umewapotezea muda. Makubaliano ya 2015 yalipatikana kwa sababu kila upande uliogopa tarehe ile ya Septemba 2015 ya uamuzi wa kumworodhesha. Na wakati kazi inaendelea, Desemba 2014, Bunge la Marekani liliweka kwenye sheria ya matumizi ya fedha za serikali kifungu kinachoizuia idara ya wanyamapori kutumia fedha kuandaa kanuni ya kumworodhesha kwale huyu, kisha likakirudia mwaka baada ya mwaka. Fimbo iliyowaleta mezani ikawekwa kabatini. Mwenye kuvunja makubaliano hakuwa tena na cha kupoteza.

Sehemu ya mipango ile ambayo ningeipigania haina mashabiki wengi: vigezo vya tahadhari. Viliandikwa hivi: idadi ya ndege au nyika ikishuka chini ya kiwango fulani, masharti makali zaidi yanaanza yenyewe, bila kungoja waziri wala gavana. Idaho ilikuwa na vigezo vya namna hii katika mpango wake wa jimbo, serikali kuu nayo ikavitumia. Vinategemea hesabu ya madume viwanjani kila masika, kazi ya maafisa wa majimbo, na vinatekelezwa kwenye ardhi ambayo mwenyewe ni BLM. Hakuna upande unaoweza kuviendesha peke yake. Mapitio yajayo yakigusa mipaka ya ramani, yaiguse. Vigezo vibaki, viwekwe mahali ambapo agizo la waziri mmoja haliwezi kuvifuta, na fedha za kuhesabu ndege zitengwe na pande zote mbili kabla ya kibali chochote cha uchimbaji kutolewa katika maeneo hayo.