Vishikwambi tunavyo, sasa tuviwekee maktaba ndani

Baada ya Sensa ya mwaka 2022, serikali ya Tanzania iliamua kuwagawia walimu vishikwambi vilivyotumiwa na makarani. Niliufurahia uamuzi ule na bado nausifu. Ila nikikutana na walimu wa shule za kata huwa nauliza: humo ndani mna nini? Majibu yanafanana. Kuna WhatsApp, kuna PDF za notsi za masomo ambazo hakuna anayejua ziliandikwa na nani, na kuna Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Hiyo ya mwisho ni hazina kweli, maana vitabu vya kiada vimo. Lakini kuifikia kunahitaji bando, na bando mwalimu analinunua kwa mshahara wake.

Ndiyo maana nasema kwamba shule na maktaba zetu zianze kutafuta zana zinazofanya kazi hata mtandao usipokuwepo. Nyingine zote zifuate baadaye.

Zana hizo zipo, tena bure. Ninayoipenda kuliko zote ni Kolibri, programu ya kujifunzia ya shirika la Learning Equality. Ilitoka mwaka 2017, ikairithi KA Lite, ambayo ilitengenezwa mwaka 2012 ili masomo ya video ya Khan Academy yafike mahali pasipo na intaneti. Mtu mmoja anakwenda mahali penye mtandao mzuri, labda ofisi za halmashauri, anapakua masomo kwenye kompyuta moja. Akirudi shuleni anaiunganisha na ruta ya kawaida, na simu au vishikwambi vyote darasani vinasoma kutoka kwenye kompyuta ile bila kula bando hata kidogo. Mwanafunzi anatazama video, anafanya zoezi, linasahihishwa papo hapo, na mwalimu anaona ni nani amekwama na amekwama wapi. Mwalimu mwenye wanafunzi 90 katika mkondo mmoja ataelewa kwa nini jambo hili la mwisho linanigusa. Programu yenyewe unaweza kuiweka kwa Kiswahili.

Wala kompyuta hiyo si lazima iwe ya bei kubwa. Raspberry Pi, kikompyuta chenye ukubwa wa kadi ya benki kilichoingia sokoni mwaka 2012, kinatosha. Umeme wake ni volti 5, kama wa chaja ya simu, kwa hiyo sola ndogo na betri vinakimudu hata kijijini.

Kuna pia Kiwix, iliyoanza mwaka 2007, ambayo inafungasha Wikipedia nzima kwenye faili moja. Ya Kiingereza pamoja na picha zake inachukua takribani gigabaiti 100. Ya Kiswahili ni ndogo mno kulinganisha na hiyo. Inaenea kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu na nafasi inabaki.

Kwa walimu wa darasa la kwanza na la pili, wanaohangaika na KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) huku kitabu kimoja kikigombewa na watoto wanne, ningewaelekeza African Storybook, mradi ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini. Hadithi zake zina leseni huria, nazo za Kiswahili zimo nyingi. Unaruhusiwa kuipakua hadithi, kuichapa, kuitafsiri kwa Kisukuma au Kimakonde, kuifupisha kwa ajili ya anayeanza kusoma, hata kuandika yako na kuiweka humo. Mashine ya fotokopi ya shule ikitumika kwa kazi hii wiki moja tu kwa muhula badala ya kuchapa mitihani peke yake, kila mtoto atarudi nyumbani na kijitabu mkononi. Nani nyumbani kwao atamsikiliza akisoma? Mara nyingi bibi, kwa lugha wanayoielewa wote wawili.

Lakini vyote hivi vinahitaji mtu wa kuchagua. Kupakua kila kitu ni rahisi. Kazi ni kujua video ipi inaendana na mada ya Kidato cha Pili, ipi imepitwa na mtaala mpya, na ipi imejaa maneno ambayo mwanafunzi wetu hajawahi kukutana nayo. Kazi hiyo ni ya ukutubi hasa, na ndiyo tunayoidharau. Shule nyingi maktaba hupewa mwalimu wa Kiswahili kama jukumu la ziada, naye anabaki na funguo tu. Hata kujua vitabu gani vimo kabatini ni shida, ilhali Koha, mfumo wa kuorodhesha na kuazimisha vitabu uliotengenezwa kwa ajili ya maktaba ndogo ya New Zealand na kuanza kazi mwanzoni mwa mwaka 2000, unapatikana bila ada ya leseni.

Mkutubi anahitajika zaidi sasa kwa sababu ya akili bandia. Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, walimu wameanza kuitumia kuandaa maandalio ya somo na maswali ya mazoezi, na sioni ubaya, kwani inawapunguzia mzigo wa usiku. Tatizo ni kwamba programu hizi hutaja hata vitabu ambavyo havijawahi kuandikwa, kwa sauti ileile ya uhakika. Mwanafunzi asiyefundishwa kukagua chanzo atanakili. Somo la kukagua chanzo lina mwenyewe tangu zamani, naye ni mkutubi.

Tuna chuo cha ukutubi Bagamoyo, chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Naomba wahitimu wake wapangiwe shule za sekondari kama wanavyopangiwa walimu. Pale ambapo bajeti haitoshi, mmoja awahudumie walimu wa kata nzima: azunguke na diski yenye Kolibri na Kiwix, ajaze vishikwambi vile, na arudi kila muhula kubadilisha yaliyomo. Maafisa elimu wa wilaya wanaweza kulianza hili kwa kata moja mwaka huu, bila kununua kishikwambi kipya hata kimoja.