Asali Si Kimiminika

Mama yangu haamini kwamba Ujerumani kuna chakula. Siku ya safari alinishindilia kwenye begi la mkononi chupa ya maji ya nusu lita, imejaa asali ya nyuki wadogo kutoka Tabora. Halafu akanimwagia glisirini viganjani, chupa yenyewe akanitumbukizia mfukoni. "Usiende kutuaibisha na hiyo mikono ya mchoma mkaa."

Pale uwanja wa ndege, Dar, dada wa ukaguzi akalivuta begi langu pembeni.

"Kaka, vimiminika mwisho mililita 100."

"Hiyo si kimiminika. Ni asali."

Akaipindua chupa. Asali ya nyuki wadogo, kwa wasioijua, ni nyepesi kama mchuzi ulioongezwa maji mgeni alipobisha hodi. Ikateremka yote hadi kwenye kizibo, na hoja yangu ikateremka nayo.

"Tangu 2006," akanieleza kwa upole wa mwalimu wa chekechea, "kule London watu walipopanga kulipua ndege kwa chupa za soda zenye peroksaidi. Ile ya kubadilisha rangi ya nywele."

"Sasa nyuki wa Tabora wanaingiaje?"

Kuiacha sikukubali. Nikasogea kando nikaanza kuinywa. Funda la nne koo likagoma, macho yakanitoka, nikairudisha chupa kwa heshima zote.

"Haya, viganja." Akanipangusa kwa kitambaa kidogo, akakiingiza kwenye kimashine. Kikapiga kelele. Wakaja wengine watatu, mmoja ana redio.

"Umeshika nini leo?"

"Mama kanipaka glisirini!"

Mzee mmoja wao akaguna. "Nitroglisirini, kile kilipuzi, hutengenezwa kwa hiyo hiyo. Mashine huwa zinachanganya."

Ili wahakikishe, nikampigia mama, nikaweka spika.

"Shikamoo mama," dada akamsalimia. "Eti umempaka mwanao glisirini?"

"Marahaba mwanangu. Huyo anapauka tangu mdogo! Asipopakwa, magoti yanafanana na mamba."

Foleni nzima ilicheka, hata yule wa redio. Nikapelekwa kunawa kwa sabuni, nikapimwa mara mbili, kimashine kikanyamaza. Asali ikabaki kwenye pipa, na mimi nisithubutu hata kuliangalia.

Ikabaki chupa ya mfukoni, chanzo cha kasheshe lote. Dada akaigeuza, akasoma lebo, akaniwekea kiganjani.

"Glisirini, mililita 50. Hii ruksa."