Kusomeshwa na kampuni au kusaka skolashipu: deni liko wapi?

Anayejisifu kwamba alisoma shahada ya uzamili bure, mara nyingi hakuusoma mkataba wake hadi ukurasa wa mwisho. Kampuni hailipi ada kwa huruma, na serikali haitoi skolashipu kwa ukarimu mtupu. Kila mmoja ana anachotaka, na ndicho cha kupima kabla ya kutazama ukubwa wa fedha.

Nianze na mwajiri. Utamu wake ni kwamba mshahara haukatiki. Unasoma jioni au mwishoni mwa wiki, cheo chako kinakungoja, na ulichojifunza Jumamosi unaweza kukijaribu kazini Jumatatu. Lakini kampuni nyingi hazilipi chuo moja kwa moja: unatoa ada mfukoni mwako, unafaulu kwa alama walizoziweka, ndipo unarudishiwa. Asiye na akiba hukwama hapo, ingawa kwenye karatasi anaitwa mfadhiliwa. Kuna pia ukomo wa kiasi. Nchini Marekani, kwa miaka mingi sheria ya kodi imemruhusu mwajiri kumlipia mfanyakazi masomo hadi dola 5,250 kwa mwaka bila kutozwa kodi ya mapato, na kampuni nyingi zimegotea kwenye kiasi hicho. Kwa kozi ghali ya biashara hiyo ni sehemu ndogo tu ya ada. Kwa anayechukua somo moja moja kila muhula, ni nafuu ya kweli.

Kisha kuna kifungo. Kwa kawaida mkataba hukutaka ubaki kazini mwaka mmoja, miwili au zaidi baada ya kuhitimu, la sivyo urudishe fedha. Mimi sioni ubaya katika sharti lenyewe. Aliyewekeza ana haki ya kuvuna. Ubaya uko katika jinsi lilivyoandikwa. Mkataba wa haki hupunguza deni kila mwezi unaoutumikia. Mkataba mbaya hukudai kiasi chote hata ukibakiza wiki tatu, na hukaa kimya kuhusu kampuni ikiuzwa au nafasi yako ikifutwa. Hapo ndipo watu huendelea kumvumilia bosi wasiyemtaka, kwa sababu tu hawana fedha za kumkimbia.

Skolashipu hukuachia uchague fani yako, hata ile isiyomsaidia mwajiri wako kwa lolote. Kwa anayetaka kubadili njia, hili pekee linatosha kuipendelea. Ila gharama yake huanza kabla ya kuipata: insha, watu wa kukuandikia barua za kukupendekeza, mtihani wa lugha, miezi ya kusubiri, na pengine kukataliwa bila maelezo. Wala si zote zinazomfaa aliyetoka chuoni jana. Chevening, skolashipu ya serikali ya Uingereza, hutaka saa 2,800 za uzoefu wa kazi, takriban miaka miwili. Programu kadhaa za DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi na watafiti, kwa nchi zinazoendelea nazo hutaka uzoefu wa miaka miwili, tena kwa kawaida isiwe imepita miaka sita tangu uipate shahada yako ya mwisho.

Na kifungo kipo huku pia. Chevening hukutaka urudi nchini kwako kwa angalau miaka miwili. Aliyekwenda Marekani kwa Fulbright, skolashipu ya serikali ya nchi hiyo, naye, kwa kawaida, lazima akae kwao miaka miwili kabla ya kuomba ukaazi wa kudumu Marekani. Tofauti ni kwamba mwajiri hukufunga kwenye dawati moja, skolashipu hukufunga kwenye nchi nzima. Kwa maoni yangu kamba ya pili ni ndefu zaidi, isipokuwa kwa aliyekuwa na nia ya kuhama tangu mwanzo.

Kuna wanaojaribu kuchanganya: skolashipu ilipe ada, kampuni itoe likizo ya masomo yenye malipo. Inawezekana, ila wafadhili wengine hupunguza posho wakigundua chanzo cha pili, hivyo ni heri kukitaja mapema.

Uzamivu ni habari nyingine. Katika fani nyingi za sayansi, hasa Marekani, chuo chenyewe husamehe ada na kukulipa posho ili ufundishe au ufanye utafiti, na ni nadra mwajiri kuvumilia miaka minne au mitano ya kukukosa. Huko hoja si kampuni au skolashipu tena. Hoja ni msimamizi gani ana fedha za mradi, na zitadumu hadi mwaka gani.